Spiriti Mbili

Leta sukari kidogo na chumvi kidogo. Tafuta vifuniko viwili vya kopo. Weka sukari katika kifuniko kimoja na chumvi katika kingine. Viweke vyote viwili juu ya makaa. Kisha kaa utazame.

Chumvi italia pa! pa! Punje nyingine zitaruka. Lakini chumvi itabaki nyeupe. Hata ukiiacha mpaka ugali uive, itabaki chumvi. Sukari haifanyi hivyo. Kwanza itayeyuka. Halafu itageuka rangi ya asali, itatokota, itatoa mvuke na moshi. Mwisho utaona kitu cheusi, chepesi, chenye vitundu vingi. Kishike kikipoa. Kitakupaka weusi vidoleni. Kitu hicho ni mkaa.

Mkaa huo umetoka wapi? Wewe hukuutia. Ulikuwa umo ndani ya sukari tangu mwanzo. Moto umeondoa maji na vitu vingine, na mkaa umebaki.

Sasa fikiri juu ya vitu vingine vinavyoungua nyumbani. Ukoko wa ugali ukiungua huwa mweusi. Nyama ikiungua huwa nyeusi. Maziwa yakifurika jikoni huacha weusi juu ya jiwe. Unywele, manyoya, mbao, mahindi, majani ya migomba, vyote huacha weusi. Lakini mchanga ukiuchoma hauwi mkaa. Bati haliwi mkaa. Chokaa haiwi mkaa. Mimea na wanyama, na vitu vilivyotoka kwao, ndivyo vyenye mkaa ndani yake.

Wataalamu huuita mkaa huo kaboni. Elimu ya kujua vitu vimeundwa kwa nini, na jinsi vinavyogeuka kuwa vitu vingine, huitwa kemia. Sehemu ya kemia inayohusu vitu vyenye kaboni ni kubwa mno. Wanafunzi wa sekondari huisoma kwa miaka. Wewe utasoma kipande chake kidogo tu, lakini kipande hicho kinahusu maisha ya watu.

Zamani wataalamu waliamini kwamba vitu vya aina hiyo haviwezi kutengenezwa na binadamu. Walidhani ni lazima vitoke katika mwili wenye uhai. Mwaka 1828, mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Friedrich Wöhler, alitengeneza katika chombo chake kitu kiitwacho urea. Kitu hicho kimo katika mkojo wa watu na wanyama. Yeye alikipata bila figo na bila mnyama yeyote. Wenzake walistaajabu. Urea hiyo ndiyo ile mbolea nyeupe unayonunua kwa mfuko na kuitia katika mahindi. Leo hutoka kiwandani, wala hakuna ng'ombe anayehusika.

Jambo hilo lilifungua mlango. Watu wakajua kwamba vitu vyenye kaboni vinaweza kutengenezwa viwandani. Vingi vina faida. Kimoja katika hivyo ndicho kinachotuhusu leo, kwa sababu kimeingia mara nyingi katika vikombe vya watu maskini na kuwaua.

Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo mjini Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa baada ya kunywa pombe ya bei rahisi. Wengine walipona lakini wakabaki vipofu. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, makumi ya watu walikufa kwa kunywa waragi. Mwezi wa Mei 2014, Kenya ilipata msiba kama huo tena, safari hii katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mamia ya watu walikufa nchini Iran kwa sababu walisikia kwamba spiriti huzuia ugonjwa huo.

Watu hao wote hawakufa kwa sababu walikunywa pombe nyingi kupita kiasi. Walikunywa spiriti nyingine. Spiriti hizo mbili zinafanana kwa macho, na mnywaji hawezi kuzipambanua kwa pua wala kwa ulimi. Tofauti yake imo ndani kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Hebu tuingie humo.

Mikono ya kaboni

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo huitwa atomi. Huwezi kuiona atomi hata ukivaa miwani. Ziko aina nyingi za atomi, lakini kwa somo hili zinatutosha tatu: kaboni, haidrojeni na oksijeni. Oksijeni unaijua, ndiyo sehemu ya hewa inayotupa uhai. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Haidrojeni mbili zikishikana na oksijeni moja, tunapata maji.

Atomi hushikana kama watu wanaocheza ngoma ya duara. Tuseme zina mikono. Haidrojeni ina mkono mmoja. Oksijeni ina mikono miwili. Kaboni ina mikono minne. Hakuna mkono unaopenda kubaki mtupu. Fungu la atomi zilizoshikana huitwa molekuli.

Kwa kuwa kaboni ina mikono minne, inaweza kufanya jambo ambalo nyingine haziliwezi. Inashika kaboni mwenzake, naye anashika mwingine, na mwingine, mpaka inakuwa mnyororo mrefu. Mikono inayobaki hushika haidrojeni.

Kaboni 1 ikishika haidrojeni 4, tunapata gesi iitwayo metani. Ndiyo gesi inayotoka katika samadi ya ng'ombe, ile ambayo wafugaji wengine huipikia. Minyororo ya kaboni 3 au 4 ni ile gesi ya mtungi. Minyororo mirefu kidogo ni petroli. Mafuta ya taa ni mirefu zaidi, kwa kawaida kaboni 10 hadi 16. Mnyororo ukizidi kaboni 20 unaanza kupata nta ngumu, ile ya mshumaa. Atomi ni zile zile mbili, kaboni na haidrojeni. Urefu wa mnyororo ndio unaofanya kimoja kiwe hewa, kingine kimiminike, na kingine kikatwe kwa kisu.

Sasa leteni darasani punje za mahindi, punje za mtama na maharagwe. Punje ya mahindi iwe kaboni. Punje ya mtama iwe haidrojeni. Harage liwe oksijeni. Kila mmoja apange mezani au chini kwenye mkeka.

Panga hindi 1 katikati na mtama 4 pembeni. Hiyo ni metani. Ondoa mtama mmoja. Mahali pake weka harage, na nje ya harage weka mtama mmoja. Harage lina mikono miwili: mmoja umeshika hindi, wa pili umeshika mtama. Hesabu: hindi 1, mtama 4, harage 1. Umetengeneza spiriti ya kwanza. Jina lake ni methanoli.

Usiibomoe. Kando yake panga nyingine. Weka mahindi 2 yaliyoshikana. Hindi la kwanza lishike mtama 3. Hindi la pili lishike mtama 2 na harage, na harage lishike mtama 1. Hesabu: mahindi 2, mtama 6, harage 1. Hiyo ni spiriti ya pili. Jina lake ni ethanoli. Hii ndiyo iliyomo katika pombe zote wanazokunywa watu, kuanzia mbege mpaka bia ya chupa.

Ziangalie zote mbili. Zinatofautiana kwa hindi moja na mtama mbili. Zote mbili zina ule mkia wa harage na mtama. Mkia huo ndio unaozifanya zipatane na maji. Mafuta ya taa hayana mkia huo, kwa hiyo ukiyatia katika maji yataelea juu na utayaona. Methanoli ukiitia katika maji au katika pombe, itachanganyika yote. Hutaona mstari, wala tone juu, wala mawingu. Inajificha kabisa.

Sukari inavyogeuka pombe

Ethanoli hutoka wapi? Mama mpika pombe anajua kazi hii kuliko mwandishi wa kitabu. Anaotesha ulezi au mtama ili apate kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana togwa ni tamu na watoto huipenda. Huko Kilimanjaro wanachanganya ndizi na ulezi, wanapata mbege. Iringa wanagema mianzi, wanapata ulanzi. Pwani wanagema mnazi. Mahali pengine ni asali. Vyote hivyo vina sukari.

Kisha inakuja hamira. Hamira ni vimelea vidogo vyenye uhai. Vingine vimo hewani na katika vyombo vya kupikia, havihitaji kununuliwa. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: ethanoli, na hewa ya kaboni, ile inayofanya povu na mapovu. Tuhakikishe kwa mahindi yetu. Molekuli moja ya sukari ya aina ya glukosi ina mahindi 6, mtama 12 na maharagwe 6. Zipangeni. Halafu zivunjeni mpate ethanoli 2. Zitakula mahindi 4, mtama 12 na maharagwe 2. Kimebaki nini? Mahindi 2 na maharagwe 4. Gaweni sawa: kila hindi lipate maharagwe 2. Hiyo ndiyo hewa ya kaboni, molekuli 2. Hakuna punje iliyopotea, wala hakuna iliyoongezeka. Ndivyo kemia inavyokwenda. Mtu anayejua kutunza daftari la duka ataielewa upesi.

Ukiiacha pombe wazi kwa siku kadhaa inakuwa chungu na kali puani. Vijidudu vya aina nyingine vimeingia. Vimetumia oksijeni ya hewa kugeuza ethanoli kuwa siki. Watu wa Pwani hutengeneza siki kwa tembo la mnazi kwa njia hiyo hiyo. Kumbuka neno siki, tutalihitaji.

Hamira haiwezi kuendelea bila mwisho. Ethanoli ikifikia kiasi cha sehemu 14 au 15 katika 100, hamira nyingi hufa kwa pombe zilizoitengeneza zenyewe. Kwa hiyo atakaye kinywaji kikali zaidi huchemsha pombe, akakamata mvuke na kuupoza. Ndivyo inavyopatikana gongo, chang'aa na waragi. Tanzania, kupika gongo bila leseni ni kosa, na kila mtu anajua hivyo, hata anayeipika.

Watu wengi husema gongo huua kwa sababu ya ndizi mbovu, au pipa lenye kutu, au kwa sababu mpishi hakumwaga kikombe cha kwanza. Maneno haya yana ukweli kidogo tu. Matunda kweli hutoa methanoli kidogo yanapochachuka. Lakini ni kidogo sana mbele ya ethanoli iliyomo. Vifo vya watu wengi kwa mara moja, kama vile vya Nairobi, haviletwi na ndizi. Huletwa na methanoli iliyotengenezwa kiwandani, ambayo mtu ameitia katika kinywaji ili apate faida kubwa.

Zamani methanoli ilipatikana kwa kuchoma miti katika chombo kilichofungwa na kukusanya mvuke wake. Iliitwa spiriti ya miti. Siku hizi viwanda huitengeneza kwa wingi kutokana na gesi ya ardhini. Ina kazi nyingi za halali. Hutumika kutengeneza gundi za mbao, plastiki, rangi na dawa za kusafishia. Hata ile spiriti ya kuwashia karabai, ambayo mara nyingi hutiwa rangi ya zambarau au buluu, ni ethanoli iliyotiwa makusudi methanoli na vitu vichungu ili watu wasiinywe. Rangi hiyo ni onyo. Wako watu wanaoichuja rangi kwa mkaa au kwa mkate wakidhani wameondoa sumu. Wameondoa onyo tu.

Je, mpishi angeweza kuzitenga spiriti hizo katika pipa lake? Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za joto. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65. Ziko karibu mno. Katika pipa lenye moto wa kuni, mvuke wao hupanda pamoja. Viwanda huzitenga kwa minara mirefu na vipimo. Kwa hiyo methanoli ikiisha kuingia katika pipa, mwenye pipa hana njia ya kuitoa.

Na je, kuwasha kiberiti? Wengi humwaga tone mezani na kuliwasha. Likiwaka, husema, "Hii safi!" Kiberiti hakijui kitu. Zote mbili zinawaka, na zote mbili zina moto wa buluu. Moto wa methanoli wakati mwingine hauonekani kabisa mchana. Kuonja pia hakusaidii. Kuona mwenzako amekunywa na bado amesimama ndiko hakusaidii hata kidogo. Sababu yake utaiona sasa.

Safari ndani ya ini

Mtu akinywa ethanoli, mwili hauipendi. Huipeleka katika ini ili ivunjwe. Ndani ya ini kuna vitu viitwavyo vimeng'enya. Kila kimeng'enya ni kama fundi mwenye kazi moja. Kuna fundi mmoja ambaye kazi yake ni kuishika pombe na kuinyang'anya mtama mbili. Kuna fundi mwingine anayefuata, kazi yake ni kuongeza harage moja.

Fanyeni kazi hiyo kwa ethanoli iliyopo mezani. Ina mahindi 2, mtama 6, harage 1. Ondoeni mtama 2. Sasa ongezeni harage 1. Mmepata mahindi 2, mtama 4, maharagwe 2. Hiyo ni asidi ya siki. Ni siki ile ile tuliyoitaja. Mwili unaweza kuichoma siki kama unavyochoma chakula, mpaka inabaki hewa ya kaboni na maji. Njiani, kabla ya harage kuongezwa, kuna kitu kibaya kinachochangia kichwa kuuma kesho yake, na mnywaji wa kila siku huharibu ini lake polepole. Simsifu mtu anayekunywa. Lakini mwisho wa safari hiyo ni siki, na siki haipofushi mtu.

Sasa fanyeni vivyo hivyo kwa methanoli. Mafundi ni wale wale. Hawajui kwamba wameletewa kitu kingine, kwa maana mkia ni ule ule. Methanoli ina hindi 1, mtama 4, harage 1. Ondoeni mtama 2. Imebaki hindi 1, mtama 2, harage 1. Kitu hicho huitwa fomaldehaidi. Kikiwa katika maji huitwa fomalini, ile dawa inayotumika hospitalini kuhifadhi maiti isioze. Ini limetengeneza dawa ya maiti ndani ya mtu aliye hai!

Haikai muda mrefu. Fundi wa pili anaongeza harage. Sasa ni hindi 1, mtama 2, maharagwe 2. Hiyo ni asidi fomiki. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la sisimizi. Mwaka 1671 Mwingereza mmoja, John Ray, aliipata kwa kuchemsha sisimizi na kukusanya mvuke wao. Kama umewahi kupanda mkorosho au mwembe wenye maji moto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani, basi unaijua. Ule ukali wanaokurushia ni asidi hiyo.

Tone la maji moto juu ya ngozi huwasha tu. Lakini asidi fomiki ikijaa katika damu, mwili wa binadamu huiondoa polepole sana. Huzuia chembe za mwili zisitumie oksijeni. Mtu anavuta pumzi, hewa inaingia, lakini chembe zake zinakosa nguvu kama jiko lililofunikwa. Mshipa wa fahamu wa jicho huumia mapema, kwa sababu unahitaji nguvu nyingi wakati wote. Baadaye ubongo na moyo hufuata.

Kiasi kinachotosha kuleta madhara ni kidogo. Vijiko viwili vidogo vya chai vya methanoli tupu, yaani mililita 10, vimewahi kupofusha mtu. Vijiko viwili vikubwa vya chakula, yaani mililita 30, vimewahi kuua.

Kazi ya mafundi wa ini huchukua saa nyingi. Ndiyo sababu mnywaji wa methanoli haanguki pale kilabuni. Hulewa kidogo, tena pengine kidogo kuliko kawaida. Huenda nyumbani, hulala, huamka. Dalili nyingi huanza baada ya saa 12 mpaka 24. Ikiwa alikunywa pamoja na pombe ya kawaida zinaweza kuchelewa zaidi, kwa sababu tutakayoieleza. Yule jirani uliyemwona amesimama wima alikuwa bado katika saa hizo za kungoja.

Ukimwona mtu hivi

Asubuhi ya pili mtu anasema kichwa kinauma sana. Anatapika. Tumbo linauma. Wengine humcheka na kusema ni uchovu wa jana, mpeni supu. Sikiliza anasema nini juu ya macho. Akisema anaona ukungu, anaona weupe mbele yake, mwanga unamchoma, au anauliza mbona hamjafungua dirisha na jua liko juu, basi usingoje. Tazama pia anavyopumua. Akihema haraka na kwa nguvu hali amelala tu, damu yake imejaa asidi.

Usimpe maziwa ukidhani yatavunja sumu. Maziwa hayawezi kuiondoa methanoli, nayo huingia katika damu upesi. Usimtapishe kwa nguvu. Mtu mwenye usingizi mzito akitapika anaweza kupaliwa na kufa kwa hilo. Akiwa amelegea, mlaze kwa ubavu. Usimwache peke yake "alale mpaka ipungue." Kulala ndiko kunakowapa mafundi wa ini muda wa kumaliza kazi.

Tafuta gari, pikipiki, baiskeli au machela, mpeleke hospitali. Zahanati ya kijiji inaweza kumpokea na kuita gari la wagonjwa, lakini dawa zenyewe mara nyingi ziko hospitali kubwa. Chukua chupa au kikombe alichonywea, na hata tone lililobaki. Mwambie mganga wazi kwamba mgonjwa alikunywa gongo, ilikuwa saa ngapi, na wapi. Watu wengi huficha kwa kuogopa polisi, wakasema ni malaria. Mganga akitibu malaria, saa zinapita. Kisha rudi au tuma mtu upesi kwa wale waliokunywa pamoja naye. Wao pia waende, hata kama wanasema hawaumwi, hata kama wanacheka. Ukichelewa utawakuta hawaoni njia ya kwenda.

Hospitali watamtia dawa kwa mshipa ya kupunguza asidi katika damu. Mahali penye mashine ya kusafisha damu, ile ya wagonjwa wa figo, wataitumia kutoa sumu. Iko pia dawa maalumu ya kumzuia yule fundi wa kwanza asiiguse methanoli. Jina lake ni fomepizoli. Ni ghali na haipatikani kila mahali.

Isipopatikana, waganga hutumia kitu ambacho kitakushangaza. Hutumia ethanoli. Ndiyo, ile spiriti ya mahindi mawili. Fundi wa ini anaipenda ethanoli kuliko methanoli. Akiletewa zote mbili, hushughulika na ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ikingoja mlangoni. Na methanoli yenyewe, kabla haijaguswa, haina ubaya mkubwa. Ubaya umo katika kile inachogeuzwa. Kadiri inavyongoja, inatoka kidogo kidogo kwa pumzi na kwa mkojo, au inaondolewa kwa mashine. Hiyo ndiyo sababu aliyechanganya vinywaji huchelewa kuonyesha dalili: methanoli yake ilikuwa bado imepanga foleni.

Watu wengine wakisikia hivyo husema, basi tumpe bia nyumbani apone. La. Hospitali hupima damu, huhesabu kiasi kwa uzito wa mgonjwa, huendelea kumpa kwa saa nyingi bila kukatiza, na humwangalia usiku kucha. Chupa unayompa nyumbani huijui ilitoka wapi, na huenda ni ya pipa lile lile.